Vigingi Arobaini vya Sultani Jabiri

Hapo zamani, katika enzi ambazo masultani walikuwa wengi na kazi zao chache, palikuwa na Sultani Jabiri wa mji wa Rasimbe, naye alipenda mchezo mmoja kuliko alivyoupenda ufalme wake. Mchezo huo aliletewa zawadi na mjumbe wa nchi ya mbali: fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma, na mpira mdogo wa ngozi, ambao hupigwa kwa fimbo hiyo hata uingie katika kishimo chenye bendera mwisho wa uwanja. Watu wa siku hizi wauita gofu. Watu wa Rasimbe waliuita subira, kwa kuwa waliusubiri umalizike ndipo mashauri yao yasikilizwe.

Basi kila asubuhi Sultani alipiga, na kila asubuhi mpira ulikwenda ulikotaka wenyewe: mara kisimani, mara juu ya paa la jiko, mara katika maboga ya jirani. Na kila ulipopotea njia, Sultani hakuutazama mkono wake. Aliutazama mpini wa fimbo. Hapo Waziri Sefudini, mtu aliyejua barabara kile ambacho mkubwa wake apenda kusikia, husogea, akaukunja mpini kwa vidole viwili, akafumba macho, akasema, "Mgumu, Seyyidi. Mgumu kwa kadiri ya unywele mmoja." Kesho yake, ukiletwa mpini laini, alisema, "Umelegea, Seyyidi. Kwa kadiri ya nusu unywele." Ikawa Waziri amepata jina la mwanachuoni wa mipini, akatunga na utenzi wa beti mia tatu juu ya unyumbufu wa miti, wenye vina vilivyotimia na maana isiyoonekana.

Ikaletwa mipini ya mpingo, na ya mkwaju, na ya mianzi ya ng'ambo, haukupatikana uliofaa. Hata siku moja Waziri akasema, "Huenda, Seyyidi, mkono wako mtukufu wataka mpini uliokwisha kulainishwa na kazi." Basi ikatoka amri: kila mpini wa jembe na wa shoka uletwe ikulu ujaribiwe, wala mtu asikate mti wa mpini mpya mpaka ule wa Sultani upatikane. Askari wakapita nyumba kwa nyumba. Mipini ikarundikwa uani mwa ikulu, ikapigwa jua, na majembe yakabaki majumbani vyuma vitupu, na huku yamesalia majuma matatu tu masika yaingie. Watu wakatazama mashamba yao, wakatazama mawingu, wasiwe na la kufanya.

Sasa palikuwa na mchonga mipini mmoja, jina lake Dadi, fukara ambaye mali yake yote ilikuwa tindo, msumeno na ulimi. Amri ile ilimnyima kazi, naye akakaa sokoni akisema, "Mimi mpini wa jembe naupima kwa mkulima. Namtazama akipiga mapigo mawili yanayolingana, nimekwisha jua. Huyu Sultani wetu, nani aliyempima?" Maneno yale yakafika ikulu kabla Dadi hajafika kwake, akaitwa barazani.

Sultani akamwuliza, "Ndiwe Dadi?"

"Ndimi, Seyyidi."

"Wasema waweza kunipima mkono."

"Nasema sijamsikia aliyekupima."

"Basi utanipima wewe. Utanichongea mpini uliolingana na kipimo cha mkono wangu, usizidi wala usipungue. Usipolingana, nitaikata hiyo mikono yako miwili, tuone utapima kwa nini."

Dadi akainama. "Nimesikia, nami natii. Ila nina ombi, nalo naliomba mbele ya baraza hii. Mpini wowote ulioko uani, ambao haukulingana na kipimo hicho, urudishwe kwa mwenyewe."

Sultani akasema, "Usiolingana nitautakia nini? Nimekubali. Baraza ishuhudie."

Dadi akarudi nyumbani, akamkuta mkewe, Bi Mize, amekwisha pata habari. Akampokea kwa maneno: "Mikono hiyo ndiyo inayonilisha, nawe umekwenda kuiweka rehani kwa mdomo! Utaninawishaje, utanichanjiaje kuni?"

"Bi Mize, mke wangu, acha kunililia kabla sijakatwa. Nisaidie kuchonga vigingi."

"Vingapi?"

"Arobaini. Vikizidi, Sultani atachoka. Vikipungua, atasema sikumtazama vizuri."

Basi asubuhi yake Dadi akaja uwanjani na mzigo wa vigingi begani. Akasema, "Seyyidi, chagua mpini mmoja, usiubadili. Lenga bendera ile. Kila utakapoanguka mpira nitasimika kigingi. Nikipata viwili vilivyo pamoja, kipimo nimekipata." Sultani akachukua ule wa kwanza kabisa, uliokuja na mjumbe, akapiga. Mpira ukaenda nyuma ya banda la farasi. Dadi akakimbia, akasimika. Sultani akapiga wa pili, ukaenda kisimani. Dadi akasimika ukingoni. Wa tatu ukaingia mabogani. Wa tisa, kwa namna ambayo hakuna aliyeieleza mpaka leo, ulikwenda nyuma.

Waziri akasema, "Ni huo mpini, Seyyidi. Mgumu."

Dadi akamwuliza kwa adabu, "Ulikuwa mgumu ulipokwenda kushoto, Bwana Waziri, au ulipokwenda kulia?"

Waziri akapangusa jasho. Alipofungua kinywa tena kuusingizia mpini, Sultani, aliyekwisha udhika, akamgeukia, akamkemea, "Nyamaza wewe!" na huku anapiga pasipo kutazama. Mpira ukapaa, ukashuka hatua moja tu na bendera. Sultani akapiga kelele, "Ndicho! Kipimo ndicho hicho!"

"Naam, Seyyidi," akasema Dadi, akasimika. "Sasa nipe mwenziwe."

Sultani akajiweka sawa, akapima kwa jicho, akapiga kwa makini yote aliyokuwa nayo, na kigae kikavunjika juu ya paa la jiko.

Vigingi vilipokwisha, Dadi akamwomba Sultani apande roshani atazame. Sultani akatazama. Palikuwa na kigingi jikoni, na kigingi kisimani, na kigingi mabogani, na kimoja mbele ya mlango wa Waziri. Hapakuwa na viwili vilivyoweza kuonana. Wote wa barazani wakatazama miguu yao.

Dadi akasema, "Seyyidi, niliamriwa nichonge kwa kipimo cha mkono wako, nami nimeikuta mikono arobaini. Nitachonga mipini arobaini, kazi siikatai. Lakini kabla hujapiga, uwe ukiniambia ni mkono upi unaokuja, ili nikupe mpini wake."

Waziri akatazama mikono ya Dadi kama mtu anayeiaga. Kisha Sultani akaanza kutikisika mabega, akacheka, akacheka hata kilemba kikamlalia sikioni. Akasema, "Nayo mipini iliyoko uani?"

"Kipimo hakikupatikana, Seyyidi, basi hakuna mmoja uliolingana nacho. Baraza ilishuhudia."

Mlango wa ua ukafunguliwa siku ile ile. Watu wakaingia, na kila mmoja akautambua wake kwa kuushika tu. Vikongwe waliokwisha pofuka waliipapasa mipini katika rundo, wakatoka nayo bila kukosea. Sultani aliyaona hayo kutoka roshani, naye hakucheka.

Akamwuliza Dadi, "Kwani mpini hauna maana kabisa?"

"Unayo, Seyyidi. Usiwe mrefu ukakusimamisha mbali, wala mzito ukakuchosha kabla ya adhuhuri. Hayo huonekana mara moja, hayahitaji utenzi. Huo wa unywele na nusu unywele, niite siku ambayo vigingi vyako vyote vitaenea juu ya mkeka mmoja. Nami nitakuja niuchonge."

Basi Sultani akaamuru kwamba kuanzia siku hiyo Waziri Sefudini ndiye atakayekimbia kusimika vigingi. Dadi naye akapata kazi tele, kwani nusu ya mipini ilikuwa imepasuka kwa jua la ikulu. Na masika yalipoingia, yalikuta majembe yamekwisha kushika ardhi.

Ikapita miaka saba. Asubuhi moja akaja Waziri mwenyewe mlangoni kwa Dadi, amekonda kwa kukimbia, akasema, "Vimeenea. Mkeka mmoja." Dadi akachukua tindo, akaenda, akamkuta Sultani amesimama uwanjani na mpini ule ule wa mjumbe, umeng'aa kwa kushikwa.

"Nimekuja kuuchonga, Seyyidi. Nipe."

Sultani akauficha mgongoni upesi. "Huu? Thubutu!"

Dadi akalifunga tindo lake katika kitambaa, akarudi kwa Bi Mize. Na aliyenisimulia habari hii alinyamaza papo hapo, akashika jembe lake, akaenda shamba.