Chewa wa Jumbe na Dema la Vuai

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, Jumbe Mwinchande alipenda kula samaki aitwaye chewa kupita kiasi, basi akapiga mbiu kwamba chewa wote wa mwambani ni mifugo yake, kama walivyo ng'ombe wake zizini. Atakayemvua mmoja, dema lake litavunjwa na yeye atafukuzwa mjini.

Mjini alikuwapo Vuai, fukara ambaye mali yake yote ilikuwa dema moja, mtego wa fito wa kunasia samaki, na mke aliyechoka kupika mchicha. Siku moja akalizamia dema lake akitaraji tafi, wale samaki wadogo, akakuta chewa mnene amejilaza ndani, na tafi hakuna hata mmoja. Vuai aliogopa, tusidanganyane. Akaketi juu ya jiwe akawaza, kisha akamfunga yule samaki kamba, akamkokota mpaka barazani kwa Jumbe kama mtu avutaye mbuzi.

"Ewe Vuai," akasema Jumbe, "umemvua chewa wangu, na mbiu uliisikia."

"Sikumvua, bwana wangu. Nimekuja kumshtaki. Desturi ya mji, mnyama akiingia shamba la mtu akala, mwenye shamba humfunga akamleta hapa, na mwenye mnyama hulipa. Shamba langu mimi ni dema. Nimemkuta ndani, ameshiba."

"Shahidi wako nani?"

"Tumbo lake."

Kadhi wa mji, aliyeketi kando ya Jumbe, akaamuru samaki apasuliwe, wakatoka tafi saba. Kadhi akajikohoza, akasema desturi ni desturi. Na mlangoni walikwisha kujipanga wavuvi wengine, kila mmoja na dema lake tupu.

Jumbe akawatazama. "Nitamchungaje samaki baharini?" akauliza.

"Hilo, bwana wangu, ni la mwenye mifugo. Sisi wenye mashamba tutakuja kila maji yakipwa, kukuletea habari."

Basi Jumbe akasema, polepole, mbele ya watu wote, kwamba chewa si wake wala hawajapata kuwa wake. Ni wa atakayewavua. Vuai akashukuru, akajitweka chewa begani, akaenda zake.

Haukupita muda, mtumishi wa Jumbe akafika kwa Vuai na bakuli la tui. Bwana wake, akasema, alikwisha kukunisha nazi, na angependa kujua kama atakaribishwa. Vuai akamkaribisha. Jumbe akaja kwa miguu, akaketi mkekani, akala mkia akausifu. Na kichwa, ambacho kwa desturi hupewa mkubwa wa wote waliopo, mke wa Vuai akampakulia mumewe.