Mashine ya Zege na Watu Watatu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya mimi kuwa bado na kiuno cha kufungia mkanda, kampuni moja ilitoka ng'ambo ikaja kujenga daraja katika nchi moja ya Afrika Mashariki. Sheria ya nchi ile ilikuwa hivi: mgeni hajengi peke yake. Atafute kampuni ya wenyeji, wasaini pamoja, wagonge mihuri pamoja.

Mgeni alikuwa Bwana Ilhan, mtu mpole, mwenye daftari. Mwenyeji alikuwa Injinia Tulinagwe, dada mwenye ofisi ya viti viwili na mhuri mmoja. Na mkalimani? Mkalimani nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeosha masufuria kwao Bwana Ilhan miaka sita, nikarudi najiita bingwa wa lugha.

Siku ya kwanza tulimkuta ukingoni mwa mto Mama Sikudhani, mzaliwa wa pale, aliyekuwa akiwapikia vibarua wali. Bwana Ilhan akanituma nimuulize habari za mto.

"Mama, habari za mto huu?"

"Nzuri, baba. Nzuri tu."

Nikatafsiri: nzuri. Akaandika: nzuri. Akampa mama mkono, akaingia garini, nami nikamfuata mbio. Jamani, hata mtoto wa kwetu anajua kwamba "nzuri" ni mlango tu, habari yenyewe imekaa ndani! Mtu atakujibu nzuri, kisha ndipo akwambie nyumba imeungua. Lakini gari lile lilikuwa na kiyoyozi, na mimi ni mtu dhaifu.

"Mbona wanaondoka?" mama alimaka. "Hata sijaanza kusema!"

Basi akamwambia aliyebaki. Aliyebaki alikuwa Chande, nyapara wa wachimbaji.

"Mwanangu, hapo mnapochimbia nguzo ndipo mto ulipokuwa ukipita. Nikiwa mwali ulirudi, ukaondoka na nyumba ya bibi yangu na mbuzi wake wote. Mto huu haujahama. Umeenda matembezi tu."

Chande akacheka. Kesho yake hakucheka. Palipotakiwa kuwa na udongo mwekundu, sururu zilitoa mchanga laini na makombe ya konokono wa mtoni. Akaniletea habari, nami nikampelekea Bwana Ilhan. Bwana Ilhan akafungua daftari, akanionyesha kwa kidole: imeandikwa nzuri.

Siku ya kumwaga zege, Chande akashuka shimoni, akaketi, akakunja miguu kama mtu anayesubiri chai.

"Toka humo!" tukampigia kelele.

"Mwageni tu. Mtakuwa mmeongeza nondo moja."

Akafukuzwa kazi akiwa humo humo shimoni. Hakutoka. Zege likaanza kuganda kwenye gari. Ndipo akaitwa Injinia Tulinagwe.

Dada akashuka na viatu vyake vya ofisini, akaokota kombe moja, akaligeuza, akanusa mchanga. Akapanda juu. "Mhuri wangu haugongwi hapa."

Bwana Ilhan akamfunulia mkataba: mwenyeji akichelewesha kazi, madaraja mawili yanayofuata anapewa mwingine.

"Najua," akasema. "Nilisaini mwenyewe."

Nguzo ikasogezwa hatua arobaini, daraja likarefushwa, na yale madaraja mawili akapewa mwingine kweli.

Mvua zikaja. Mto ukarudi kutoka matembezini, ukapita palepale penye lile shimo, ukinguruma, na daraja likatulia juu yake. Bwana Ilhan alisimama akiutazama mpaka upepo ukampindulia mwavuli.

Kazi ilipokwisha akasema: "Mashine moja ya kuchanganyia zege naiacha. Ni ya yule aliyeliokoa daraja."

Msiidharau zawadi hiyo. Katika nchi ile mwenye mhuri bila mashine ni mtia saini tu; huandikishwi kuwa mkandarasi bila mashine yako mwenyewe, na hati yake hubeba jina moja tu. Kampuni ijayo kutoka ng'ambo, mwenye mashine itamkuta mezani. Asiye nayo itamkuta na karai kichwani.

Mama Sikudhani akasema: "Ni yangu. Bila neno langu mngejua nini? Mto nimezaliwa nao. Mimi na wenzangu tumechoka kuwapikia wajenzi, tunataka kujenga."

Chande akasema: "Ni yangu. Neno lako, mama, shikamoo yako, lilikuwepo tangu siku ya kwanza na halikusimamisha hata toroli. Kilichosimamisha zege ni makalio yangu. Na kazi nikafukuzwa, wanangu wakala uji mtupu."

Injinia Tulinagwe akasema: "Ni yangu. Kaka Chande, ungekaa shimoni mpaka lini? Wanaume wanne wangekubeba kabla ya chakula cha mchana. Mhuri ndio uliosogeza nguzo. Nyinyi mlikuwa na shaka, mimi nilikuwa na madaraja mawili ya kupoteza, na nimeyapoteza."

"Halafu mama," Chande akarudi, "mgeni alipokuuliza ulimjibu nzuri!"

"Ulitaka nianze na msiba, na mtu hata maji hajanywa? Wewe mama yako alikufundishaje?"

Dada akacheka, akakumbuka kwamba amekasirika, akaacha.

Kisha wote watatu wakanigeukia. Maana Bwana Ilhan, alipokuwa akipanda ndege, alinikabidhi hati ya zawadi. Ameisaini, mahali pa jina pameachwa wazi. "Wewe ndiye uliyeiacha habari mlangoni," aliniambia. "Sasa malizia."

Mashine imefunikwa turubai, mama anaifuta vumbi kila asubuhi, Chande anaitia grisi, na dada amekuja kuipima mara mbili. Hati ninayo hapa, imeanza kuchakaa mikunjoni. Mimi nimetembea nchi nyingi na nimekosea katika zote. Sitaki kukosea hapa tena.

Aliyesema, aliyekaa, aliyekataa kugonga mhuri. Je, wenzangu, niandike jina la nani?