Mtamba wa Venla

Sogeeni, kaeni vizuri. Hadithi hii nitaisimulia mimi mpaka karibu na mwisho, na mwisho mtautia nyinyi. Asiyetaka kusumbua kichwa chake akalale mapema.

Katika kijiji kimoja chenye mvua nyingi, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Tumpe, binti wa Mzee Mwaisumo, kipaji chake kilikuwa mdomo. Jambo likimwingia kichwani halikulala humo. Lilitoka vilevile lilivyoingia, aliyekuwa mbele yake alipende asilipende.

Bibi Subilaga, mama yake Mzee Mwaisumo, kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Aliweza kukaa na mtu asubuhi nzima bila kumwambia neno, na mtu huyo akaondoka akijiona ameongeleshwa vizuri.

Ipyana, fundi pikipiki na mwalimu wa kwaya ya vijana, kipaji chake kilikuwa sikio. Ukikosea sauti katikati ya kundi zima, alijua ni wewe, na alikwambia mbele ya kundi hilohilo.

Kwa watu hawa akaja Venla.

Venla alikuwa msichana wa miaka kumi na saba kutoka Kajaani, mji mdogo wa Ufini. Alikuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, akae mwaka mmoja nyumbani kwa Mzee Mwaisumo, asome sekondari ya pale, kisha arudi kwao. Kiswahili alikuwa amejifunza kidogo kabla ya kuja. Asichojifunza ni wingi wa matumizi yake. Kwao, ukikutana na jirani kwenye ngazi, unatikisa kichwa, na wote wawili mnashukuru kwamba yameishia hapo. Hapa, kutoka mlangoni mpaka bombani palikuwa na safari nzima ya salamu. Ameamkaje. Amelalaje. Mama yake huko Ulaya hajambo. Mbona leo macho mekundu. Na akirudi na ndoo kichwani, watu walewale walimuuliza habari za kutoka bombani.

Haikuwa ubaya, na Venla alijua haikuwa ubaya. Lakini alichoka mpaka akaanza kujifungia chumbani mchana, apate kusikia mawazo yake mwenyewe. Mama Tumpe akadhani anaumwa, akampelekea uji. Majirani wakasikia mgeni anaumwa, wakaja kumpa pole, wakajaa chumbani mpaka wengine wakakaa kitandani miguuni pake. Siku hiyo Venla aliamua kurudi kwao.

Asubuhi akafunga begi. Tumpe, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alimtazama kutoka mlangoni.

"Umeshaaga?" akauliza.

"Nimemuaga Mama."

"Mama tu? Huku mtu haondoki kama mwizi wa kuku. Wale wote waliokuja kukupa pole, utapita kwao, nyumba kwa nyumba. Ukimaliza, nenda zako, hakuna atakayekushika."

Alisema kwa hasira, na Venla, naye kwa hasira, akaenda.

Nyumba ya kwanza, Mama Lusajo alimkalisha akampakulia ndizi za maziwa, maana haiwezekani mtu aanze safari na tumbo tupu. Nyumba ya pili, Mzee Kajuni alitaka kujua kama Ufini wanalima ndizi. Aliposikia hawalimi hata mgomba mmoja, aliwahurumia sana Wafini, akaingia shambani akarudi na mkungu mzima. "Mpelekee mama yako," akasema, "naye aonje maisha." Nyumba ya tatu alipakatishwa mtoto mchanga, na mtoto akalala. Gari la Mbeya lilipiga honi barabarani, likangoja, likapiga tena. Venla alimtazama mtoto, akamtazama mama wa mtoto, na wote wawili wakaanza kucheka kimyakimya ili wasimwamshe. Gari likaondoka.

Alirudi jioni na mkungu begani.

"Umerudi," Tumpe akasema.

"Gari limeniacha."

"Kesho lipo jingine."

"Kesho bado sijamaliza nyumba za kule chini," Venla akajibu, akaingia ndani kulala. Nyumba za kule chini hazikuisha kesho yake, wala wiki ile, na begi likarudi chini ya kitanda.

Lakini kubaki si kuzoea. Kila kulipokucha salamu zilikuwa palepale zikimsubiri, na kufikia saa nne alikuwa amekwisha nguvu. Bibi Subilaga ndiye aliyeliona hilo. Asubuhi moja, kabla ya shule, alimwita kwa mkono kwenye jiko la nje, akamwonyesha kigoda, akampa kisu na ndizi mbichi. Bibi alisema Kinyakyusa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Venla alimenya vibaya, akatoa nusu ya ndizi pamoja na ganda. Bibi aliichukua, akairekebisha, akampa nyingine. Basi. Jirani akipita na kuanza kumsalimu mgeni, Bibi aliinua kidogo mkono wenye kisu. "Ana kazi," akasema, na jirani akapita.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Venla alipata pale kimya cha kumtosha siku nzima, na kwa kuwa hakuna aliyemdai maneno, maneno yakaanza kuja yenyewe: kisu, majivu, moshi, leta, tosha. Kuna asubuhi aliamka akiwa amemkumbuka mbwa wake wa nyumbani, akamweleza Bibi habari za mbwa huyo kwa Kifini, tangu alipokuwa mdogo wa kutia mfukoni. Bibi akajibu kwa Kinyakyusa, kirefu, huku akimenya. Hakuna aliyeelewa hata neno moja la mwenzake, na wote wawili waliinuka wameridhika. Tangu hapo Venla alitoka jikoni akiwasalimu watu yeye kwanza. Alisema "Mugonile" kama wanavyosalimiana wao, nao wakaitika "Ndaga" wakitabasamu.

Lakini hata kuzoea si kuwa wa hapo. Venla alikuwa bado mgeni, tena mgeni wa kupigiwa makofi. Akisema asante, makofi. Akibeba ndoo na nusu ya maji ikamwagika, makofi. Alipojiunga na kwaya ya vijana, wimbo wa kwanza tu, wenzake walimsifu kabla hata hajafungua mdomo vizuri.

Ipyana akasimamisha wimbo. "Venla, umechelewa kuingia. Rudia."

Wenzake wakaangalia chini kwa kumwonea mgeni aibu.

"Peke yako," Ipyana akasema. Alirudia. "Bado. Rudia."

Siku hiyo alilia njia nzima. Tumpe alitaka kwenda kumshukia Ipyana palepale, lakini Venla alimzuia, na kesho yake akaenda mwenyewe gereji. Alimkuta amechuchumaa kando ya pikipiki, mikono myeusi kwa oili.

"Mwalimu, kwa nini mimi tu?"

"Wewe tu?" Ipyana hakuinua kichwa. "Muulize Anyelwisye jana alirudia mara ngapi. Hukumsikia kwa sababu ulikaa kama mgeni, unangoja wimbo uishe watu wakusifu. Ukitaka ugeni, njoo Jumapili ukae benchi la mbele, nitakununulia soda. Ukitaka kuimba, ingia kwa wakati."

Tangu Venla afike, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumkasirikia kama anavyowakasirikia wengine. Akajikuta anacheka. "Nitaingia kwa wakati," akasema.

Siku ya Pasaka aliimba katika safu ya sauti ya pili, hakuchelewa wala hakuwahi. Mama mmoja aliyekuja kutembea kutoka Mbeya alimuuliza jirani yake yule mweupe ni nani. "Yupi?" jirani akauliza, akatafuta kwa macho. "Ah, yule. Yule ni wa kwa Mwaisumo." Venla alilisikia jibu hilo, na ubeti uliofuata aliuimba akitabasamu.

Mwaka ukaisha. Siku ya kumuaga, ua ulijaa watu na vyungu, na Mzee Mwaisumo akasimama ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo mtamba mzuri, ng'ombe jike asiyezaa bado, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji.

"Katika nyumba yangu," akasema, "mtoto anayekwenda kuanza maisha haondoki mikono mitupu. Huyu ni wako."

Watu wakashangilia. Tumpe alimtazama baba yake bila kusema neno, na kwa Tumpe hilo lilikuwa jambo kubwa. Kaka zake waliondoka na ng'ombe. Dada zake waliondoka na sufuria na vitenge.

"Baba," Venla akasema, machozi na kicheko vikigombania uso wake, "sitaweza kumpandisha ndege."

"Najua. Kwa hiyo utampa mtu. Yule aliyekufanya uwe mtoto wa hapa, mtamba huyu awe wake kabisa, yeye na uzao wake."

"Ni watatu, Baba. Wachukue wote."

"Ng'ombe wa watu watatu nimewahi kumwona kwa jirani yangu. Kila mmoja alidhani mwenzake amekata majani, akakonda mpaka akafa. Taja jina moja."

Venla aliwatazama wale watatu, akashindwa. Akaomba afike kwanza kwao, afikiri.

Alifika Kajaani, na kwao pakawa pageni kidogo. Alimsalimu dereva wa basi akamuuliza habari za nyumbani, na dereva akakagua vioo vyake akidhani pana hitilafu. Kwenye ngazi alikutana na jirani yao mzee, Heikkinen, ambaye kwa miaka yote alikuwa akitikisiana naye vichwa tu. Akamuuliza amelalaje, na lile goti linalomchechemesha linaendeleaje. Mzee alibaki ameshika ufunguo mlangoni, amesahau kufungua. Kesho yake Venla alimkuta amesimama palepale kwenye ngazi, amevaa koti, anamngoja amweleze habari za goti. Mama yake Venla alisema jengo lile halijawahi kuwa na kelele kiasi hicho, na alisema huku akiweka kikombe cha tatu mezani, kwa ajili ya Heikkinen.

Kisha siku moja simu ikalia. Kwenye kioo ulionekana ua wa Mzee Mwaisumo, na watu watatu wamejibana waonekane.

"Mtamba wako ana mimba, karibu atazaa," Mzee akasema kutoka pembeni. "Ndama hawezi kuzaliwa bila mwenyewe. Leo tutajie."

"Mimi niseme kwanza," Ipyana akasema. "Kweli naoa mwezi ujao, na wakwe wanangoja ng'ombe mmoja aliyebaki. Lakini sikukufanyia lolote ambalo siwafanyii wengine. Mpe Bibi. Alikuwa na ng'ombe wake mmoja maishani, akamwuza ili mwanawe, Mzee, apate kusoma, na tangu hapo anakamua wa watu."

"Na mimi nisiseme uongo," Tumpe akadakia. "Siku ile nilitaka uondoke kweli. Nilitaka kitanda changu. Lakini namtaka huyu ng'ombe. Katika nyumba hii hakuna binti aliyewahi kupewa, mpaka ulipopewa wewe. Ukinipa mimi, Baba hataweza tena kusema haijawahi kutokea."

Pembeni Mzee alikohoa.

"Na Bibi anasemaje?" Venla akauliza.

Bibi Subilaga aliisogelea simu mpaka likabaki jicho lake moja tu. "Unakula?" akauliza. Hakusema jingine.

Sasa nyinyi. Bila Tumpe, Venla angepanda gari la Mbeya, na hao wawili wasingepata wa kumsaidia. Lakini Tumpe alitaka aende. Bila Bibi, angebaki amejifungia chumbani mpaka mwaka uishe. Na Bibi peke yake ndiye aliyefanya kwa kumhurumia, ila hajaomba kitu. Bila Ipyana, angerudi kwao akiwa mgeni aliyependwa, basi. Lakini Ipyana anasema alikuwa anafundisha wimbo tu.

Kule Kajaani Venla ameshika simu, mama yake na mzee Heikkinen wamesimama nyuma yake wakichungulia, na Mzee Mwaisumo anasubiri. Jina ni moja. Ungekuwa wewe ndiye uliyeshika simu ile, ungemtaja nani?