Sauti Moja, Vyumba Sita

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni ya juzi tu, palikuwa na nyumba ya vyumba sita huko Usangi, milimani. Humo aliishi Bibi Nakiete, mjane wa Mzee Kirumbe.

Ukoo wa mzee huyo ulikuwa na desturi yake. Kila mwisho wa mwaka, watoto wakishafika kutoka mijini, walijaa vyumba vyote sita wakaitiwa majina ya wafu wao, arobaini na moja. Mzee Kirumbe alisimama koridoni akaita, na kwa kila jina nyumba nzima ilijibu, "Yupo!" Ilijibu kwa pamoja. Chumba kimoja kikichelewa, majina yalianza upya kutoka la kwanza.

Mzee alikuwa na koo la kujaza nyumba. Alipoanza kuugua, aliyaita majina yote mbele ya redio kaseti, akamkabidhi mkewe kanda, kisha akafariki. Bibi Nakiete hakuthubutu kuisikiliza peke yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, na alijua jambo ambalo hakumwambia mtu: jina la arobaini na mbili lilikuwa la mumewe, na la arobaini na tatu lingekuwa lake. Alitaka kujua litaitwa na nani.

Mwaka wa kwanza, mwanawe Mbonea alinunua amplifaya ya kupigia muziki harusini, kubwa, yenye taa za rangi, ili kanda isikike nyumba nzima. Ilikuwa na njia mbili tu za spika. Yeye akaibebesha spika za vyumba sita. Mashine ikapata moto, ikanuka, na kwenye jina la tisa ikanyamaza.

Mwaka wa pili, binti wa Bibi Nakiete, Nanzia, fundi umeme wa Same, alileta spika sita zisizo na waya, kila moja na amplifaya yake tumboni. Sauti ilitoka vizuri, lakini ilifika jikoni kwanza, sebuleni baadaye kidogo, vyumbani mwisho.

"Senkoro!" "Senkoro!" "Senkoro!"

"Yupo!" "Yupo!" "Yupo!"

"Jamani, babu Senkoro alikuwa mmoja!" akapiga kelele mtu jikoni, watu wakacheka. Bibi Nakiete hakucheka. Walianza upya mara nne. Mara ya tano aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango.

Mwaka wa tatu, Mbonea alishuka Moshi na daftari la vipimo, na spika moja ya nyumbani kwapani. Alizunguka maduka siku tatu. Aliyoonyeshwa yenye taa aliipita. Aliyoambiwa inatikisa mtaa aliipita. Mwisho aliona moja nyeusi, fupi, isiyo na urembo wowote, yenye njia kumi na mbili: mbili kwa kila chumba, na kila chumba na kitufe chake cha kupandisha na kushusha sauti. Akaunganisha spika yake, akaiacha ipige mchana kutwa, mkono wake juu ya kifuniko kuona kama itapata moto.

"Kaka, unanunua amplifaya au unaposa?" muuzaji akamuuliza.

"Naposa," akajibu Mbonea. "Mahari utaniambia kesho."

Nanzia alipanda darini. Siku nne alitambaa katika vumbi na kinyesi cha popo, akavuta waya kutoka kwenye mashine hiyo moja hadi kila chumba. Siku ya pili alikanyaga vibaya, mguu ukatoboa dari na kuning'inia juu ya sufuria ya makande.

"Wifi, shuka mzima mzima, tule!" akasema Naelijwa, mke wa Mbonea, kutoka chini.

Na Naelijwa? Mwezi wa saba kanda ilikuwa imekatika. Yeye ndiye aliyefungua skrubu zake, akaunga utepe kwa kipande cha gundi kisichozidi ukucha, akaujaribu mpaka mwisho, hakupoteza hata jina moja.

Siku ikafika. Vyumba vikajaa. Naelijwa akabonyeza.

Hapakuwa na mngurumo wala mkwaruzo. Palikuwa na pumzi, Mzee Kirumbe akivuta hewa, na pumzi hiyo ilikuwa jikoni, na ilikuwa sebuleni, na ilikuwa katika kila chumba kwa wakati mmoja, kama nyumba yenyewe ndiyo inayopumua. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza.

"Senkoro!"

"Yupo!"

Jibu lilitoka mara moja, zito, vioo vikatetemeka. Bibi Nakiete akashika ukuta kwa viganja viwili. Mumewe hakuwa upande wowote. Alikuwa kila upande. Namkunda. Yupo! Mcharo. Yupo! Mpaka la arobaini na moja, bila kurudia hata mara moja.

Majina yakaisha, hakuna aliyeinuka. Ndipo kanda ikakohoa na sauti ikaendelea:

"Atakayekuwa amenifanya nisikike vyumba vyote kwa pamoja, huyo ndiye ataita baada yangu. Mama Mbonea, umtaje wewe."

Mbonea akasema, "Mama, bila mashine hii tungekuwa bado kwenye jina la tisa. Mimi ndiye niliyeichagua."

"Na ile iliyonuka aliichagua nani?" akadakia Nanzia. "Mashine ingekaa kwenye kona yake kama sanduku. Mimi ndiye niliyeifikisha kila chumba. Mguu huu hapa, una kovu."

Naelijwa akasema taratibu, "Mama, bila kanda mngesikia nini?"

"Ngoja," Mbonea akamgeukia. "Uliijaribu mpaka mwisho. Maneno haya uliyajua?"

"Niliyajua."

"Tangu mwezi wa saba!" akasema Nanzia. "Ukatunyamazia, wifi?"

"Ningesema, mngefanya kwa kushindana. Nilitaka mfanye kwa ajili yake."

"Au kwa ajili yako," akasema Nanzia. "Halafu wewe umeolewa tu hapa."

"Hata mimi nimeolewa hapa," akasema Bibi Nakiete.

Alinyoosha mkono, akashika kipaza sauti kilichokuwa juu ya mashine. Mashine ilikuwa vuguvugu kidogo, kama mkono wa mtu. Jina la mumewe lilikuwa bado halijaitwa, kwani hakuna anayejiita mwenyewe. Vyumba sita vilikuwa vimevuta pumzi, vikingoja kujibu. Na atakayeita jina hilo leo ndiye atakayeita la Bibi Nakiete kesho.

Bibi Nakiete akanyoosha kipaza sauti mbele yake, kwenye ukungu wa macho yake, ambako watatu wale walikuwa wamesimama.

Nanyi mlioketi hapa mkasikia yote: aliyechagua, aliyevuta waya, na aliyeunga kanda akanyamaza. Je, nani alistahili kukipokea kipaza sauti hicho?