Chuma cha Mwanakombo

"Chuma chekundu hakichori, hutoboa." Mmeisikia asubuhi shangazi yenu akimwambia mumewe, na tangu hapo hamniachi ninywe kahawa yangu kwa raha. Haya, kaeni. Asili ya methali hiyo ni hii.

Zamani, katika mji wa Siyu, walikuwako kaka na dada wa tumbo moja, Shee na Mwanakombo. Walirithi kwa baba yao kazi ya mikanda na makubazi, vile viatu vya ngozi vya wanaume. Shee alikata ngozi na kushona. Mwanakombo alitia nakshi kwa moto. Ncha ya chuma aliitia kwenye makaa, akaitoa, kisha akaingoja, na kungoja huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Chuma kikipoa mno hakiachi alama. Kikiwa chekundu hula ngozi. Alikijaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Kikiacha rangi ya kahawa, alichora ua, halafu akakigusisha na kukiinua, kidogo kidogo, akatia kivuli kilichoanza na weusi kando ya jani na kuishia na rangi ya chai. Ukitazama ungedhani jani limeinuka. Mafundi wa mji walikuwa wengi, lakini kivuli kile kilikuwa chake peke yake.

Siku moja akaja Bwana Athman kutoka Faza, tajiri aliyekuwa akimwoza mwanawe, akitaka mikanda na makubazi ya bwana arusi na ndugu zake wote. Akakaa barazani na Shee. Mwanakombo alikuwa ndani, mlango wazi, akimalizia mkanda wa kuonyesha, na mama yao, Bi Somoe, akipepea makaa. Mgeni akatazama mikanda iliyotundikwa barazani, akauliza nakshi zile ni za nani.

"Za mkono wangu," akasema Shee.

Mwanakombo alisikia, na damu ikampanda. Akachomoa chuma makaani na wekundu wake, akakibandika kwenye ngozi huku akijiandalia maneno ya kutoka nayo nje. Maneno yenyewe siyarudii mbele yenu. Moshi ukamjaa usoni, na katikati ya ua pakawa tundu la kupita kidole.

Akainuka atoke hivyo hivyo. Bi Somoe akamshika mkono.

"Mwanangu, chuma chekundu hakichori, hutoboa."

"Mama, si umemsikia?"

"Nimemsikia. Sikuambii unyamaze. Ukitoka hivi, mgeni atakwenda zake na kazi yake, na ndugu yako humpati tena. Ngoja, kama unavyokingoja hicho."

Mwanakombo akaketi. Uchungu haukumwisha, na heri haukumwisha, maana ungemwisha angenyamaza, na Shee angebaki na sifa zisizo zake mpaka kufa. Alingoja tu mpaka wekundu wa chuma ulipofifia. Kisha akatoka, akamwamkia mgeni, akamgeukia nduguye.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "ngozi umekata wewe. Moto nimeshika mimi. Mwambie mgeni."

Shee alizizoea kelele za dada yake tangu utoto; angemjia nazo, angezicheka, na mgeni angecheka naye. Maneno haya hakuwa na pa kuyatupa. Akainamisha kichwa.

"Ni kweli, Bwana Athman. Nakshi ni za dada yangu. Nimekudanganya."

Mgeni akazitazama tena nakshi.

"Basi kazi naiweka mkononi mwa bibi huyu," akasema. "Nawe, Shee, utamkatia ngozi."

Wakaifanya kazi ile pamoja, na nyingine nyingi baada yake. Na tangu siku hiyo, mteja akisifu nakshi, Shee ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina la dada yake, hata pale asipoulizwa.

Hasira ya Mwanakombo ilikuwa ya haki, wajukuu zangu, na ndiyo maana aliingoja ipoe. Angetoka nayo ikiwaka, asingebaki na kazi wala ndugu. Chuma chekundu hakichori, hutoboa.