Kamba ya Kiapo na Mkia wa Nyati

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa kidimbwi.
— Kina maji?
— Kilikuwa nayo.

Mmejibu vizuri. Mmejibu kwa huzuni pia, na mimi nawapenda wasikilizaji wanaojua mapema wanakopelekwa. Basi kaeni.

Hapo kale, tena si kale sana, palikuwa na nchi ya wanyama iitwayo Nyasikavu. Wanyama wa huko walikuwa wamejifunza kuwasha moto. Nani aliwafundisha, mimi sijui, na wao hawakuuliza. Swala alikuwa na moto mmoja, wa kuchomea nyasi kuukuu ili nyasi changa ziote. Fisi alikuwa na mioto mitatu, ya kubanikia mifupa. Nyati, bwana mkubwa wa nchi, alikuwa na mioto saba. Mchana fu fu fu, usiku fu fu fu, na akila nyasi changa za huku, roho yake iko kwenye nyasi za kule. Moshi ukapanda, ukapanda, ukafika juu ukatulia. Haukwenda zake. Ulitanda juu ya nchi nzima kama blanketi juu ya mgonjwa wa homa, na chini yake joto likazidi siku hata siku.

Katika kidimbwi cha nchi hiyo aliishi Bi Chura. Msimu huo alikuwa ametaga, mayai yakaanguliwa, na sasa alikuwa na viluwiluwi zaidi ya mia mbili. Kiluwiluwi, kama mjuavyo, hana miguu. Ana mkia tu, na bila maji hana lake. Bi Chura alihitaji siku ishirini. Siku ishirini za maji, wanawe waote miguu, waruke waende popote watakapo. Hakutaka kingine chochote. Kila asubuhi alikwenda kutazama tete moja lililosimama katikati ya kidimbwi. Siku nane nyuma maji yalikuwa shingoni mwa tete. Siku nne nyuma yalikuwa kifuani. Leo yako kiunoni. Akahesabu, akahesabu tena, na kila alivyohesabu siku hazikutosha.

Akaenda barazani.

Baraza la Nyasikavu lilikutana kila mwaka kuzungumzia moshi. Mwenyekiti alikuwa Twiga, kwa sababu anaona mbali, ila siku hizi kichwa chake kilikuwa ndani ya moshi wenyewe, haoni kitu, anakohoa tu, kho kho kho. Na ili wajumbe wasikae na njaa, kila baraza lilipikiwa kwa moto mkubwa kuliko yote ya mwaka.

Kila mwaka ilikuwa hivi. Swala anasema, tuzime mioto. Fisi anasema, tuzime, ila Nyati akijifunga nasi tutazima siku hiyo hiyo. Wote wanageuka kumtazama Nyati. Nyati anasema yeye anataka sana, tena pengine anataka kuwashinda wote, ila mambo ya kufungana ya nini? Kila mmoja apunguze kwa kadiri ya moyo wake. Halafu wanapiga makofi, wanakula, wanarudi makwao. Fu fu fu.

Kujifunga kulikuwa na desturi yake. Palikuwa na kamba ya ukili, kamba ya kiapo. Mwenyekiti huinenea kamba maneno ya kiapo, nayo kamba hukaa nayo maneno hayo. Anayejifunga mkia kwa kamba ile, kwa mdomo wake mwenyewe na mbele ya mashahidi, basi ameapa kila neno. Haruhusiwi kujifungua, wala kufunguliwa, mpaka kiapo kitimie. Kamba ile Twiga alikwisha kuinenea miaka tisa iliyopita: mioto yote izimwe mpaka mbingu zionekane. Miaka tisa ilikuwa imening'inia tu, haina mkia wa mtu.

Bi Chura aliomba kusema. Wakamwambia kwa upole kwamba asiye na mkia haapi, na asiyeapa hasemi.

"Wanangu wana mikia," alisema Bi Chura.

"Basi wakikua waje waseme wenyewe," alisema Fisi, na baraza zima likaangua kicheko. Hakuna aliyekumbuka kwamba kiluwiluwi akikua mkia unamtoka.

Bi Chura hakucheka. Aliondoka pale, na njiani akapitia mtini ilikoning'inia ile kamba. Akaitwaa.

Sasa sikilizeni ujanja wa mnyonge. Nyati alikuwa na mazoea yake: jua likiwa la utosi anakuja kidimbwini kugaagaa matopeni. Maji yalivyopungua, tope laini nalo lilipungua, likabaki pale kati tu. Bi Chura akachomeka kigingi katikati ya tope. Akakifungia ncha moja ya kamba, kamba yenyewe akaifukia, akaacha ncha nyingine ikichungulia kama mzizi. Kisha akaenda kwa Twiga, kwa Swala, na kwa Fisi, kila mmoja kwa wakati wake, akawaomba wafike adhuhuri wajifiche kwenye matete kando ya maji. Walikuja. Wengine walidhani kuna chakula.

Nyati akaja. Ti, ti, ti, ardhi inatikisika. Bi Chura akamwamkia kwa adabu, shikamoo mzee, akamuuliza habari za mioto, kisha akaguna kama mtu mwenye la kusema asiyetaka kulisema.

"Una nini?" aliuliza Nyati.

"Sina kitu, mzee. Ila nimemsikia Fisi akisema kesho atakuja kujiwekea tope hili. Atafunga mkia kwenye kile kigingi, na liwe lake."

Nyati akatazama tope. Akatazama kigingi. Alikuwa na nchi nzima, lakini wazo la Fisi kuwa na tope lilimuuma kuliko kiu. Bi Chura akasema taratibu kwamba, bila shaka, anayetangulia kufunga ndiye mwenye mahali.

"Nitafungia wapi?"

"Hapo kwenye hicho kimzizi, mzee. Kaza, Fisi ana meno."

Nyati akageuza shingo, akashika ncha kwa mdomo, akafunga mkia. Ndi. Akaongeza fundo la pili. Ndi. Akaongeza na la tatu kwa ajili ya meno ya Fisi. Ndi, ndi, ndi. Bi Chura akalia mara tatu, kroo, kroo, kroo, na mashahidi wakatoka kwenye matete. Akaivuta kamba juu, tope likadondoka, na kila mmoja akaitambua.

Nyati alifoka. Alisema alikuwa anafunga kwa ajili ya tope, si kwa ajili ya moshi. Twiga akakohoa, akasema kwamba desturi haiulizi mtu alifungia nini. Inauliza kama ni mdomo wake.

Ulikuwa mdomo wake.

Jamani, siku ile walizima. Moto wa Swala, chwaa. Mioto ya Fisi, chwaa, chwaa, chwaa, ingawa Fisi alificha kaa moja chini ya jivu. Mioto saba ya Nyati, chwaa mara saba. Vigelegele vikapigwa. Bi Chura alirudi majini, akapita katikati ya wanawe, akawaambia watakua. Kwa mara ya kwanza msimu ule alifurahi, na mimi nawaombeni tumwache afurahi kidogo hapa.

Kesho yake akatazama juu. Moshi upo. Kesho kutwa, upo. Ulikuwa moshi wa miaka tisa ya makofi, na moshi wa babu zao kabla ya hapo, na haukuwa na habari kwamba watu wameapa. Maji yakafika magotini mwa tete. Yakafika miguuni. Siku ya kumi na mbili, miguu ya nyuma ikiwa imeanza kuchomoza, kidimbwi kikakauka, kau.

Kilibaki kitu kimoja. Nyati alikuwa amesimama pale pale kwenye kigingi chake, na chini ya tumbo lake, kivulini, ukwato wake ulikuwa umechimba shimo, na shimoni mlikuwa na maji ya kujaa kikombe. Bi Chura alikuwa amewabeba wanawe mdomoni mmoja mmoja. Wengi aliwakosa. Kumi na mmoja aliwafikisha.

"Nifungue," alisema Nyati kwa sauti iliyokauka.

"Siwezi, mzee, mbingu bado. Nakuomba usimame hivyo hivyo. Kivuli chako ndicho kilichowabakizia maji."

"Umenifunga bure."

"Sikukufunga bure," alisema Bi Chura. "Nilikufunga kwa kuchelewa."

Nyati akalamba midomo. Alikuwa na kiu tangu maji yalipogeuka tope. Akatazama maji, akayatazama tena. Bi Chura akaona shingo inashuka, akaruka akaning'inia puani kwake, akamsihi siku nane tu, mzee, nane. Shingo ikazidi kushuka. Gubu.

Funda moja tu, gubu, maji na viluwiluwi, na shimo likawa tupu.

Mkia ulikuwa umefungwa sawasawa, mafundo matatu, hakuna lililolegea. Mdomo hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Na funzo? Funzo la ngano hii ni kwamba tusiwe na pupa. Mwakani kuna baraza jingine, Twiga ameahidi kwamba suala la mdomo litajadiliwa, na Fisi ameshatoa kaa lake la kupikia wajumbe. Na wewe unayetaka kuzaa, uwe na busara: zaa watoto wenye miguu tayari.

Ngano yangu imekauka hapo. Ikiwa ilikuwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, nimeizoea.

— Mmekunywa maji?
— Tumekunywa.
— Mmembakizia nani?