Mnara wa Wafumaji Uliopinda Shingo

Zamani hizo, minara ilipokuwa bado haijajua kuinama, mji wa Weldorn ulikuwa na makanisa mawili yaliyosimama wima kama mapacha waliokaripiwa. Mtu akikuambia ni upepo uliokuja kuupinda mnara mmoja, mwambie akanywe uji akalale. Akikuambia ni tetemeko la ardhi, mpe na blanketi. Hadithi yenyewe ni hii, na anayeijua vizuri zaidi bado hajazaliwa.

Weldorn ulikuwa mji wa Ulaya ya kale, mji wa mawe na matope, ukuta umeuzunguka na nguruwe wanazurura sokoni kama madiwani. Upande wa kaskazini wa kichochoro kimoja, wafumaji walikuwa wamejenga kanisa lao la Mtakatifu Walburga. Upande wa kusini, karibu kiasi kwamba ungerusha kiatu kutoka dirisha hili kikaingia lile, waoka mikate walikuwa wamejenga lao la Mtakatifu Nikolai. Kilichobaki ni minara tu.

Na kengele ilikuwa moja. Kina mama wa mji mzima walitoa sufuria zao za shaba na vinara vyao vya mishumaa, vikayeyushwa, ikapatikana kengele kubwa ambayo sauti yake ingefika mpaka ng'ambo ya mto. Wazee wa mji wakatoa uamuzi: mnara utakaotangulia kufika kimo kilichokubaliwa ndio utakaoipata.

Fundi mkuu wa wafumaji aliitwa Wendel. Alikuwa mwashi hodari, tusimnyime haki yake, ila macho yake hayakutulia kwenye kazi yake. Asubuhi, kabla hajatia kijiko cha uji mdomoni, alitoka kwanza kutazama mnara wa Nikolai umeongezeka kiasi gani. Ukiwa umeongezeka, uji ulimshinda. Ukiwa haujaongezeka, alimaliza bakuli lake akamsaidia na mkewe kumaliza la kwake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba fundi wa upande wa pili, Ottmar, alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Hiltrud. Ottmar alifanya kazi huku akipiga mbinja. Waoka mikate walimpandishia mikate ya moto mpaka juu ya jukwaa la ujenzi, na harufu ikavuka kichochoro ikamkuta Wendel anatafuna kipande cha jana. Kila jiwe alilochonga, Ottmar alilitia alama yake, samaki mdogo, na Wendel alimwona samaki huyo hata akifumba macho. Siku moja binti yake, Adelind, alisema tu bila nia mbaya, "Baba, madirisha ya mjomba mazuri!" Wendel hakumsemesha mtu mpaka Jumapili.

Na Adelind alikuwa ameposwa. Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Wendel alikwisha kuapa mbele ya wakwe kwamba kengele kubwa italia siku hiyo, tena italia kutoka kwenye mnara wa baba yake bibi harusi.

Sasa, waashi wa nchi za baridi walikuwa na desturi yao. Ikifika siku ya Mtakatifu Martini, mwezi wa Novemba, walifunika vichwa vya kuta kwa nyasi kavu na samadi ya ng'ombe, kama mama anavyomfunika mtoto, wakashuka. Hakuna aliyegusa chokaa tena mpaka baridi iishe. Walikaa chini wakichonga mawe. Chokaa mbichi ikikamatwa na barafu haikauki, inaganda tu. Kila mwashi alilijua hilo, na Wendel aliwahi kuwafundisha wengine.

Siku hiyo ya Martini minara ilikuwa sawa kwa sawa. Ottmar akafunika wake, akashuka, akaita kutoka chini:

"Shemeji! Funika tukale bata bukini, dada amekwisha kupika!"

Wendel aliutazama ule mnara uliojifunika nyasi kama mzee mwenye homa, akaona kitu ambacho wivu peke yake ndio humwonyesha mtu. Yule amelala. Mimi nikiendelea, nimemshinda.

"Kuleni," akajibu. "Wengine hatujachoka bado."

Hiltrud alipanda ngazi mpaka jukwaani, sketi kaikusanya mkononi. "Mume wangu, funika ukuta."

"Kakako amekutuma?"

"Baridi imenituma. Chokaa haijui wivu, inajua baridi."

"Siku zote unamtetea yeye."

"Ningekuwa namtetea yeye," Hiltrud akasema, "ningekuacha uendelee."

Akashuka. Na Wendel, kichwa maji, akaendelea. Alichemsha maji ya kuchanganyia chokaa, akawasha makaa kule juu, waashi wake wakajenga huku wakipuliza vidole. Aliyelalamika aliambiwa akaoke mikate. Na kweli, mnara ulipanda! Chokaa ilikuwa ngumu kama chuma. Wendel aliigonga kwa nyundo ikatoa mlio. "Nani alisema haikauki?" akauliza, na waashi wake, ambao wote walijua nani alisema, wakatazama viatu vyao.

Theluji ilikuwa bado juu ya mapaa mnara wa Walburga ulipofika kimo. Kengele ikapandishwa kwa kamba na kapi, wafumaji wakashangilia, na Wendel akasimama kileleni mikono kiunoni, kama jogoo anayedhani jua huchomoza kwa amri yake.

"Shemeji Ottmar!" akapaza sauti. "Mkitaka kujua saa huko chini, mtaniuliza mimi!"

Ottmar akavua kofia. "Hongera, shemeji! Sasa omba baridi isiishe."

Waoka mikate wakacheka, na kicheko kile kilimla Wendel furaha yote aliyopanda nayo.

Baridi ikaisha, kama kawaida yake. Jua la nchi zile hukaa upande wa kusini, kwa hiyo liliupiga ukuta mmoja tu, ule ulioelekea kwa Ottmar, na mnara wa Nikolai ulikuwa bado mfupi, haukuweza kuukinga. Barafu iliyojificha ndani ya chokaa ikayeyuka. Chokaa ikarudi kuwa uji.

Wiki yenyewe ya harusi, mchana, soko limejaa, kengele ililia yenyewe mara moja. Watu wakainua vichwa. Mnara wa Walburga ulikuwa unainama, taratibu, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani, na mchanga unamwagika kwenye maungio ya mawe. Kila mtu alikimbia isipokuwa Wendel. Alisimama pale akiona kengele yake, kiapo chake na harusi ya mwanawe vikielekea kichochoroni. Na hata wakati huo, jambo lililomchoma kuliko yote ni kwamba Ottmar alikuwa anaona.

Ottmar hakucheka. "Leteni magogo!" akafoka. Yeye na watu wake waling'oa magogo ya jukwaa lao wenyewe, wakayasimika kuutegemeza ule mnara. Magogo yalilia, yakashika. Kisha akageukia mawe yake, yale aliyoyachonga majira yote ya baridi kwa ajili ya kilele cha Nikolai.

"Tutajenga tao. Kutoka ukuta wangu mpaka wake."

"Fundi, hayo mawe ni ya kilele chetu!" mwoka mikate mmoja akalalama.

"Kilele kitangoja. Ndani ya kengele ile mna sufuria ya mama yangu."

Harusi ikasogezwa mbele. Kiangazi kizima walijenga tao juu ya kichochoro, kwa chokaa iliyochanganywa wakati wake, na Wendel alibeba mawe mwenyewe. Kila jiwe lilikuwa na samaki. Samaki asubuhi, samaki jioni, samaki begani mwake. Tao lilipokamilika lilikuwa zuri kuliko chochote alichowahi kujenga, na alipolitazama, shukrani haikuwa ya kwanza kufika. Hata kuokoa, akawaza, huyu mtu anaokoa vizuri!

Bado ilibaki kengele. Ikibembea, mnara ungebembea nayo. Ottmar akaifunga isicheze, akaweka nyundo kando yake, na kamba ya nyundo akaipitisha juu ya tao mpaka ndani ya Nikolai. Kengele ikawa kwa wafumaji, kamba ikawa kwa waoka mikate.

Adelind aliolewa siku ya Martini. Alisimama mlangoni pa Walburga na taji lake, wakwe wamepanga mstari, kila mtu anamtazama Wendel. Wendel aliona heri ameze chokaa kuliko kwenda kumwomba Ottmar avute kamba. Lakini mwanawe alikuwa anangoja. Akavuka kichochoro, na kwa kuwa mikono yake haikujua pa kukaa, aliokota njiani kicha cha zile nyasi ambazo waashi wake walikuwa wakifunikia ukuta waliokuwa wanautengeneza. Akagonga mlango wa Nikolai.

"Shemeji," akasema. "Mwanangu anaolewa."

Ottmar alikuwa ameishika kamba tayari. Akazitazama nyasi, akamtazama mwenye nyasi.

"Umefunika?"

Wendel alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa matusi. Akainua macho, akakutana na madirisha ya shemeji yake. Mazuri, mshenzi huyu.

"Nimefunika."

Ottmar akavuta, na kengele ikalia mpaka ng'ambo ya mto.

Na tangu siku hiyo mnara wa Walburga umepinda shingo, kidevu chake kimeegemea tao la jirani, na mnara wa Nikolai hauna kilele. Kila siku ya Martini mzee wa wafumaji huvuka kichochoro na kicha cha nyasi mkononi. Mwoka mikate aliyeshika kamba humwuliza kwanza, "Mmefunika?" Asipojibu, Weldorn nzima inakaa bila kengele. Hujibu, hajawahi kukosa hata mmoja. Ila mtazame macho wakati anajibu: yako kwenye madirisha.